Hotuba za Desemba

Wako waungwana wetu wa tarakilishi, wazaliwa wa hapa kwetu Gachoka waliohamia Nairobi, ambao kila alfajiri, kabla hata ya kumjulia hali mama mzazi, husoma habari za California wakajua ni kampuni ipi imezaa programu gani usiku uliopita. Nao wakirejea nyumbani Desemba huwahutubia wazee, wanaongojea kwa staha ndengu zao zikauke, juu ya fadhila za programu huria, ambayo msimbo wake ni halali kwa kila mwenye kutaka kuusoma, kuugeuza na kumgawia jirani.

Maneno hayo ni ya haki, wala sina la kuyapinga. Programu ya Linux imekuwa hivyo tangu miaka ya 1990. Na programu ya Ushahidi, iliyoundwa na Wakenya Januari 2008 katika machafuko yaliyofuata uchaguzi, msimbo wake ulitolewa bure, hata mwaka 2010 ikatumika Haiti baada ya zilizala.

Lakini mzee akiuliza swali jepesi, kwamba, maadamu kugeuza ni halali, iko wapi basi programu ya kumwambia bei ya ndengu kwa Kimbeere, lugha yetu, waungwana hukumbuka ghafla kuwa mtandao wa huku ni dhaifu. Ni dhaifu, naam. Ilhali Kindaruma, bwawa la jirani zetu hapa mtoni Tana, limekuwa likifua umeme tangu 1968, na taa za Nairobi hazijawahi kulilalamikia.

Tunawasihi basi, mwaka huu wapunguze hotuba, waje na msimbo.