Sifa za Mkia wa Jina

Yamesifiwa mengi yasiyostahili. Leo ni zamu ya mkia wa jina. Nasema zile herufi za ovyo zinazogandishwa nyuma ya jina zuri, zikaliharibia mwendo wake: B, Mpya, SGR.

Nenda Kilosa uone kazi yake. Mji mmoja, stesheni mbili za treni, zote Kilosa. Ya kwanza ni ya reli ya kati ya enzi ya Mjerumani, upana mita moja kamili. Ya pili ni ya SGR, reli ya upana wa milimita 1,435, ambayo treni zake zilianza kupeleka abiria Dodoma mwaka 2024. Behewa la huku halikanyagi kule. Mwenyeji wako akikuambia “nakungoja Kilosa”, amekupa nusu ya habari. Akisema “Kilosa SGR”, utalala kwake.

Mikumi ni zaidi. Ni mji, ni jimbo la uchaguzi, na ni hifadhi tangu 1964, tena barabara kuu ya Iringa inakatiza ndani yake kwa kilomita kama 50. Abiria anayemwambia konda “nishushe Mikumi” bila kuongeza “mjini” anajitafutia mazungumzo na tembo.

Waandishi wa programu nao wana Kilosa zao. Lugha ya Scala, aliyoibuni Martin Odersky, ilianza maisha juu ya mashine ya Java. Baadaye ikapata kompaila ya kuigeuza kuwa JavaScript, kisha nyingine ya kuishusha hadi lugha ya kompyuta yenyewe. Maktaba za programu zikahamishwa, na kila iliyohama ikadai jina. Ndiyo maana maktaba ya Cats kwa Java ni cats-core_2.13, na kwa JavaScript ni cats-core_sjs1_2.13, jina lililopondeka kama kibao cha gari lililogongwa. Kwa miaka mingi waandishi hao wameuagiza mkia huo kwa alama za asilimia: moja, jina libaki lilivyo; mbili, liongezewe toleo la Scala; tatu, na jukwaa pia. Asilimia tatu, bila senti ya riba!

Wapo watu wa madaha wanaotaka kila maktaba iliyohama ibatizwe upya, jina la ndege au la mlima. Sawa, lakini anayeitafuta Cats usiku wa manane atajuaje kwamba siku hizi inaitwa Uluguru? Mkia unaliacha jina la ukoo mahali pake.

Turudi relini. Tawi la reli ya kati kutoka Kilosa hupita Mikumi hadi Kidatu, likakutana na reli ya TAZARA yenye upana wa milimita 1,067. Tofauti ni milimita 67, na kwa sababu yake mzigo hushushwa behewa hili ukapakiwa lile. Ningekuwa na madaraka, vibao vya pale vingesomeka Kidatu_1000 na Kidatu_1067, hata kama mchoraji angedai alipwe kwa herufi.