Mjomba Anataka Tairi la 28

Kijana mmoja wa Shinyanga anayeishi Freiburg, kusini mwa Ujerumani, juzi alihojiwa zaidi kuliko siku aliyoomba viza. Kisa chenyewe ni matairi mawili ya baiskeli.

Aliingia dukani akidhani atataja saizi, atalipa, atatoka. Muuzaji akaegemea meza akaanza: katika safari zako, lami ni asilimia ngapi? Changarawe je? Tope? Mizizi ya miti ikilowa, unapita juu yake au unashuka na kukokota? Mvua ikinyesha unaendesha au unapanda tramu? Una kilo ngapi? Na begi mgongoni? Kijana akajibu kila swali kwa adabu, mkono mmoja ukipapasa mfukoni kama kitambulisho kipo.

Nyumbani swali la tairi ni moja: lipo au halipo. Likiwapo, fundi analivalisha, anapiga pampu, analibonyeza kwa dole gumba, basi. Likiisha kashata, yaani vile vibonge vya mpira vya juu, likawa kipara, linaendelea na kazi mpaka nyuzi zichungulie, na hata hapo halitupwi; linakatwa mpira wa kufungia mizigo.

Alipoulizwa asilimia, kijana alijibu nusu kwa nusu: nusu lami, nusu msitu. Huo ulikuwa uongo wa wazi. Kazini anakwenda kila siku kwa njia ya baiskeli iliyo kando ya mto Dreisam, njia laini isiyo na shimo. Msituni anaonekana Jumamosi, na si kila Jumamosi. Lakini mji huu una mlima Schauinsland, mita 1,284 kutoka usawa wa bahari, unaoonekana ukiinua tu macho, na wanunuzi wengi hununua tairi la mlima wanaouota. Wakishapachika kashata ndefu, wanazunguka nazo mjini zikivuma juu ya lami. Vibonge hivyo hulala na kuinuka kila vinapogusa barabara, vinakula nguvu za miguu, na vinalika vyenyewe kabla havijaona tope.

Tairi la njia mchanganyiko ni suluhu ya ugomvi huo wa lami na msitu. Katikati, sehemu inayogusa lami, kashata ni fupi na zimebanana, hivyo tairi linakwenda mbele bila kelele. Pembeni ni ndefu na zimeachana, zikisubiri kona ya udongo ambapo baiskeli inalala upande. Smart Sam ya kampuni ya Schwalbe imejengwa hivyo. Wengine hawataki suluhu: wanachukua Continental mbili zisizofanana, Cross King yenye kashata za kung'ata mbele, na Race King yenye kashata fupi nyuma. Sababu yake ni ya maana. Gurudumu la nyuma likiteleza, mtu anayumba na kujirudi. La mbele likiteleza, yuko chini kabla hajasema lolote. Nyuma ndiko kuna uzito na msukumo wa pedeli, kwa hiyo huko kunatakiwa tairi jepesi kuzunguka.

Upana nao ulimshangaza. Tangu utoto alijua tairi jembamba ndilo lenye mbio. Muuzaji akamweleza kwamba kwa upepo ule ule, tairi pana huzunguka kirahisi zaidi, kwa sababu linabonyea kidogo pale linapokanyaga. Wembamba wa matairi ya wanamashindano hufidiwa na upepo mwingi wanaoujaza. Na kwa Freiburg upana una faida nyingine: reli za tramu zimepita katikati ya mitaa, na tairi la milimita 57 halizami kwenye mfereji wa reli. Reli zikilowa, hata hivyo, mwenye akili huzikata kwa kuzielekea moja kwa moja.

Sasa, mjomba. Alipopata habari kwamba mpwa yuko dukani, alituma ujumbe: naye aletewe tairi moja la Kijerumani, namba 28, la baiskeli yake ya Phoenix. Namba 28 zilijaa ukutani. Kijana alikwisha kuweka moja mkononi muuzaji alipomwonyesha maandishi ya ubavuni. Namba za inchi, alisema, ni za kuzoea tu. Zinazosema kweli ni zile za milimita. 57-622 maana yake upana ni milimita 57, na kipenyo pale tairi linapokaa kwenye rimu ni 622. Tairi la 28 la baiskeli za mjini Ujerumani ni 622. Tairi la 29 la baiskeli ya milimani, nalo ni 622! Lakini Phoenix ya mjomba, ile ya breki za fito, inakula 28 kwa inchi moja na nusu, ambayo ni 635. Milimita 13 za tofauti, na hakuna fundi Shinyanga wala Freiburg atakayezivuta.

Kijana akapiga simu.

"Shikamoo, mjomba. 28 yako si 28 ya huku."

"Marahaba. Kwani Wajerumani wanahesabuje?"

Akaeleza yote: milimita, kashata, tairi zuri mbele, jepesi nyuma, upepo mdogo msituni na mwingi kwenye lami. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akasema yeye matairi mawili yasiyofanana anayo miaka mingi, wala hakuulizwa asilimia na mtu. Isipokuwa hapo kwa mbele hawaelewani. Tairi jipya yeye hulifunga nyuma, na la mbele liendelee na kipara chake, maana mbele kuna kengele tu, na nyuma kwenye keria kuna magunia mawili ya mkaa na shangazi yako juu yake.