Ombi la Kusajili Mshangao wa Taifa

KWA: Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya, Nairobi
NAKALA: Makatibu wakuu wa vyama vyote vya kisiasa
KUH: KURATIBIWA KWA MSHANGAO KUHUSU WAGOMBEA WENZA KABLA YA UCHAGUZI MKUU WA 2027

Baraza tukufu,

Barua hii inaletwa kwa unyenyekevu mbele ya chombo ambacho Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya mwaka 2013 imekipa kazi ya kuweka viwango vya uanahabari na kuwaidhinisha wanahabari, nayo ina ombi moja tu, kwamba mshangao unaolipata taifa kila mgombea urais anapomtaja mwenzake wa tiketi uingizwe rasmi katika mambo yanayoratibiwa, upewe fomu, muhuri na siku ya mwisho ya kuwasilishwa. Kwa sasa mshangao huo hufanywa kiholela, kila chumba cha habari na kila chama kikishangaa kivyake kwa gharama zake, ilhali kinachopatikana mwishoni huwa ni kile kile, na hakuna sababu ya watu wengi kulipwa kwa kazi ambayo karatasi moja iliyochapishwa mapema ingeimaliza.

Inafaa istilahi zifafanuliwe kwanza. Mgombea mwenza ni mtu anayeteuliwa na mgombea urais ili awe naibu wake endapo watashinda. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Ibara ya 148, inamtaka kila mgombea urais ateue mtu mwenye sifa za kuwania urais, na papo hapo inaizuia tume ya uchaguzi kuendesha uchaguzi wa pekee wa naibu rais, hivyo kwamba mpiga kura hutia alama moja na kupata viongozi wawili, wa pili akiwa amechaguliwa na mtu mmoja. Ibara ya 147 inamfanya naibu kuwa msaidizi mkuu wa rais, na Ibara ya 146 inampa urais wenyewe kwa muda uliosalia ikiwa kiti cha rais kitabaki wazi. Mtu asiyezijua desturi za vyumba vya habari angedhani kwamba cheo chenye uzito kama huo kingezua maswali kuhusu uwezo wa kutawala, lakini vyombo vya habari, kwa ustadi wa kupigiwa mfano, vimeliepuka kosa hilo mara nyingi.

Ushahidi wa ustadi huo ni Mei 2022. Jumapili tarehe 15 William Ruto wa muungano wa Kenya Kwanza alimtangaza Rigathi Gachagua, mbunge wa Mathira aliyekuwa bado katika kipindi chake cha kwanza bungeni, na kesho yake, siku ya mwisho iliyowekwa na tume ya uchaguzi, Raila Odinga wa muungano wa Azimio la Umoja alimtangaza Martha Karua, mbunge wa Gichugu tangu 1992 hadi 2013 na waziri wa sheria aliyejiuzulu mwaka 2009. Ukizitazama kwa makini siku hizo mbili, utaona kwamba mshangao wa kihabari hupitia hatua tatu. Ya kwanza ni hatua ya kukesha, ambapo wanahabari hukusanyika nje ya lango, kama walivyofanya mtaani Karen wakati mashauriano ya Kenya Kwanza yalipoendelea hadi usiku wa manane, na duru za kuaminika, yaani watu wasiotajwa majina ambao hawajawahi kuadhibiwa kwa kukosea, hutoa majina kwa wingi wa kutosha ili lolote litakalotangazwa liwe limewahi kutajwa mahali fulani. Ya pili ni hatua ya mshangao wenyewe, ambayo ni fupi mno. Ya tatu, iliyo ndefu kuliko zote, ni hatua ya hekima ya baadaye, ambapo mchambuzi aliyeshangaa saa nane mchana hueleza saa tatu usiku, akiwa ameketi kwa utulivu studioni, kwamba uteuzi huo haukuweza kuwa mwingine.

Taarifa nyingi za siku hizo zilieleza kwamba wabunge wa Kenya Kwanza walioshauriwa walimpendelea Kithure Kindiki, aliyekuwa seneta wa Tharaka-Nithi, na Kindiki mwenyewe, baada ya kuachwa, alitangaza kupumzika na siasa za kuwania viti. Upande wa Azimio, Kalonzo Musyoka, aliyekuwa mgombea mwenza wa Raila mwaka 2013 na tena 2017, alilalamika kwamba kusailiwa na jopo lililoongozwa na Noah Wekesa kulikuwa kumdhalilisha, kisha akafika mbele ya jopo hilo hilo, kisha siku ya kutangazwa kwa Karua akajitangaza mgombea urais, na kabla ya wiki tatu kwisha akawa amerudi Azimio. Kila hatua kati ya hizo ilipata wachambuzi wa kuieleza kuwa pigo kubwa na wengine wa kuieleza kuwa ushindi mkubwa, na Baraza litakubali kwamba taaluma inayoweza kutoa majibu mawili yanayopingana kwa kila tukio haiwezi kukosea kamwe.

Mshangao wa kichama ni wa aina nyingine, nao unastahili sifa zake. Mfuasi wa chama hahitaji kukesha wala kuchambua, kwa sababu hukumu yake huwa tayari na inasubiri jina tu. Kwa hiyo msimamo mkali wa Karua ulikuwa uadilifu katika mikutano ya upande mmoja na ukaidi katika mikutano ya upande wa pili, na ukali wa ulimi wa Gachagua ulikuwa ujasiri huku na utovu wa adabu kule, ingawa watu waliokuwa wakipimwa hawakuwa wamebadilika hata kidogo kati ya jukwaa moja na jingine. Wandani wa Kindiki, yaani wanasiasa walio karibu naye, waliokuwa wameorodhesha Jumamosi sababu za kuteuliwa kwake, walilazimika kuzipata Jumapili sababu nyingine zilizo bora zaidi za kuteuliwa kwa mtu mwingine, na walizipata bila kuomba muda wa ziada.

Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo pande zote mbili, pamoja na vyombo vya habari, zilikubaliana nalo bila ubishi, nalo ni kwamba mgombea mwenza hupimwa kwa kapu la kura. Kapu la kura ni idadi ya wapiga kura wanaodhaniwa kumfuata mtu kwa kuwa wanatoka eneo lake, na katika uchaguzi ule kapu lililotafutwa lilikuwa la Mlima Kenya, eneo ambalo Gachagua wa Nyeri na Karua wa Kirinyaga wote wawili wanatoka. Swali la mijadala likawa ni nani ataleta kura ngapi mezani, likaulizwa asubuhi redioni, jioni kwenye runinga na siku iliyofuata magazetini, mpaka naibu rais akaanza kuonekana kama mkandarasi wa kusafirisha kura kutoka mlimani hadi Nairobi. Wakenya walipopiga kura tarehe 9 Agosti, Ruto alitangazwa mshindi kwa kura 7,176,141 dhidi ya 6,942,930 za Raila, na Kirinyaga, nyumbani kwa Karua, ilimpa Ruto ushindi mkubwa. Waliokuwa wamehesabu kapu lake kabla halijafunguliwa hawakuitwa studioni kueleza hesabu hiyo, jambo linaloonyesha heshima waliyo nayo wahariri kwa wachambuzi wao.

Uadilifu unataka itajwe pia kwamba tiketi za mwaka ule zilikuwa nne, na kwamba tatu kati yake zilikuwa na mwanamke katika nafasi ya mgombea mwenza. Mbali na Karua, walikuwapo Justina Wamae wa chama cha Roots, tiketi ya George Wajackoyah, na Ruth Mutua wa chama cha Agano, tiketi ya David Waihiga Mwaure. Jambo hilo lingeweza kuwa habari kubwa kuliko zote, lakini wanawake wawili kati ya hao watatu hawakuwa na kapu, na katika mdahalo wa wagombea wenza wa tarehe 19 Julai walijadiliana wao kwa wao kwanza, kisha jukwaa likaachiwa Karua na Gachagua. Inaelekea kwamba taifa lina kiasi maalumu cha mshangao kwa msimu mmoja, na kwamba Karua alikuwa amekimaliza.

Matunda ya elimu hii yalionekana miaka miwili baadaye. Gachagua, akiwa naibu rais, alizoea kuieleza serikali kama kampuni yenye wenye hisa, ambapo waliochangia kura nyingi wanastahili gawio kubwa, na usemi huo ukawa sehemu ya mashtaka ya kumwondoa madarakani. Tarehe 8 Oktoba 2024 wabunge 281 waliunga mkono hoja ya kumwondoa na 44 wakaipinga, na tarehe 17 Oktoba Seneti ikathibitisha mashtaka 5 kati ya 11, likiwamo lile la hisa. Barua hii haina nia ya kumtetea naibu huyo, kwa kuwa serikali iliyowekwa kwa ajili ya raia wote haigawanywi kwa hisa, na aliyeapa kuitumikia alipaswa kulijua hilo bila kukumbushwa na Seneti. Inachoomba ni Baraza litambue kwamba katika nchi nzima huenda huyo ndiye mtu pekee aliyeyaamini kwa dhati yaliyoandikwa na kutangazwa Mei 2022, kwani aliambiwa kila siku kwamba thamani yake ni kura alizoleta, naye alipokwenda kudai thamani hiyo, wale wale waliomfundisha hesabu wakashangaa kwamba anajua kuhesabu.

Siku iliyofuata uamuzi huo wa Seneti, tarehe 18 Oktoba, Kindiki alipendekezwa kuchukua nafasi hiyo na akaidhinishwa na wabunge 236 siku hiyo hiyo, kisha akaapishwa tarehe 1 Novemba baada ya amri za mahakama zilizokuwa zimesimamisha shughuli hiyo kuondolewa. Wabunge ambao mwaka 2022 walikuwa wameeleza jukwaani kwa nini Gachagua alikuwa chaguo bora kuliko Kindiki walieleza sasa kwa nini Kindiki ni chaguo bora kuliko Gachagua, na vyombo vya habari, vilivyokuwa na kanda za maelezo yote mawili, vilijadili zaidi ikiwa mlima ungekasirika.

Jirani wa kusini anatoa mfano ambao Baraza lingeweza kuuangalia. Katiba ya Tanzania inataka rais na makamu wake watoke pande tofauti za Muungano, hivyo chama cha CCM kilipomteua John Magufuli mjini Dodoma Julai 2015, mgombea mwenza alikuwa Samia Suluhu Hassan wa Zanzibar. Yaliyo rahisi kusemwa kumhusu, kwamba ni mwanamke na kwamba anatoka Zanzibar, yote mawili yalikuwa kweli, na hakuna hata moja kati yake linaloeleza mtu ataongozaje nchi. Magufuli alifariki Machi 2021, na tarehe 19 ya mwezi huo Samia aliapishwa kuwa Rais wa Jamhuri ya Muungano, bila uchaguzi mwingine kuitishwa. Siku hiyo hesabu za pande na za jinsia hazikuwa na la kumwambia raia aliyetaka kujua sera za nchi yake zitakwenda wapi.

Kwa kuzingatia hayo yote, Baraza linaombwa kuidhinisha hatua zifuatazo. Kwanza, iandaliwe Fomu ya Mshangao yenye nafasi ya jina la mteule, kaunti anakotoka na ukubwa wa kapu lake, ambayo vyombo vyote vitaijaza dakika ileile, ili wananchi waokolewe saa nyingi za kusikiliza mambo hayo kwa sauti tofauti. Pili, mchambuzi anayetaka kusema kwamba alijua tangu mwanzo awe ameweka utabiri wake kwa Baraza katika bahasha iliyofungwa kabla ya tangazo, na asiye na bahasha aruhusiwe kusema kwamba ameshangaa tu. Tatu, kila chama kiwasilishe kwa wakati mmoja taarifa mbili kuhusu mteule wake, moja ya kumsifu na nyingine ya kumtimua, zote zikiwa zimetiwa sahihi na wabunge wale wale, kwa kuwa uzoefu umeonyesha kwamba zote mbili zitahitajika na kwamba kuziandika kwa nyakati tofauti ni upotevu wa karatasi. Nne, sifa za kichama zichapishwe zikiwa na tarehe ya mwisho wa matumizi, kama pakiti ya maziwa, ili raia asije akazitumia zikiwa zimechacha.

Kuna hatua ya tano, ambayo inaletwa kwa woga kwa sababu haina kejeli ndani yake na huenda kwa hiyo ikaonekana kuwa ngeni. Fomu hiyo ianze na swali moja, kabla ya kaunti na kabla ya kapu: ikiwa mtu huyu atalazimika kuwa rais kesho, atafanya nini kuhusu madeni ya taifa, hospitali, shule na mahakama, na ni kazi gani aliyoifanya hadi sasa inayothibitisha hivyo? Swali hilo halihitaji duru za kuaminika wala kukesha langoni, linahitaji mhariri anayeliuliza na kulirudia mpaka lijibiwe, na linamhusu kila mpiga kura, awe wa mlimani, wa pwani au wa ziwani, kwa kuwa naibu anapokuwa rais huwa rais wa wote.

Katiba imeweka Uchaguzi Mkuu ujao Jumanne ya pili ya Agosti, yaani tarehe 10 Agosti 2027, na wagombea wenza watatajwa miezi kadhaa kabla ya siku hiyo. Baraza linaombwa liwaagize wahariri waulize swali hilo la hatua ya tano kwanza, na makatibu wakuu waliopewa nakala ya barua hii wanaombwa walijibu kwa maandishi kabla karatasi za kura hazijachapishwa.

Kwa heshima na taadhima,
Mpiga kura