Breki ya Diski: Mwongozo kwa Fundi Asiyeshaurika

Mafuta ni mafuta. Ukianza na imani hiyo, kazi itakwenda haraka. Mtu akikuonyesha kwamba kifuniko cha kikopo cha breki kimeandikwa DOT 4, mjibu kuwa hayo ni mapambo, umimine oili ya injini iliyobaki juzi. Mipira ya ndani ya pampu itavimba, breki zitaanza kujibana zenyewe, nawe utapumzika kuminya.

Ikibidi kununua DOT 4, basi chukua ile chupa iliyokaa stoo bila kizibo tangu masika ya mwaka juzi. Mafuta haya hunywa unyevu wa hewani, na Dar es Salaam unyevu ni wa bure. Yakiwa mapya, kiwango kinayataka yasichemke chini ya nyuzi 230. Yakishalewa maji, hata 155 yanaruhusiwa. Yakichemka huwa mvuke, na mvuke hubonyea: unaminya, mkono wa breki unagusa mpini, pikipiki inaendelea na safari zake.

Tangi la petroli usilifunike. Tone likidondokea rangi, liache lipumzike mpaka rangi ibabuke. (Maji mengi, papo hapo, yangeliondoa, kwa hiyo ndoo iweke mbali.)

Sasa fungua mpira wa breki pale kwenye kalipa. Ncha usiizibe. Ukiwa umeinama hapo hapo, minya mkono wa breki ujue kama pampu ni nzima. Jibu litakuja machoni. Wakati wa kurudisha, zile washa 2 za shaba zilizokwishabonyea zinatosha. Washa mpya ni za watu wenye hofu.

Kutoa upepo ndiko kunakowashinda wenye pupa, yaani wewe. Wenzako huvisha nipo ya kalipa, ile ya kutolea upepo, kibomba kinachoonyesha ndani, huminya, hushikilia, hulegeza nipo, huikaza, ndipo huachia. Wewe achia kwanza, ukaze baadaye, ili hewa iliyotoka ipate njia ya kurudi. Kikopo cha juu nacho usikitazame. Kikikauka, pampu itavuta upepo na utaanza upya, jioni ikiwa bado ndefu.

Kujaribu si lazima. Mwoga angeminya kwa nguvu na kushikilia, akakagua kama maungio yanavuja, kisha akaisukuma pikipiki uani aone kama inashika. Wewe subiri mteremko wa Kitonga, na nyuma umpakie anayekudai.