Waraka kwa Mwenyekiti wa Jumba Letu

Mheshimiwa Mwenyekiti,
Kamati ya Wakazi, Kileleshwa.

Nimepokea ujumbe wako kwamba ndugu yangu asikae getini Jumamosi, wanunuzi wanapokuja kutazama nyumba. Umesema ni kwa usalama wake. Ahsante. Miaka tisa tumeishi hapa, na siku uliyoanza kumhofia imeangukia siku ya mauzo.

Ana miaka 34 na ana ulemavu wa akili, hatujawahi kumficha. Wewe humwita "mtoto", na mbele ya wageni "yule mgonjwa". Mara ya mwisho kuugua alikuwa na mafua, nami ndiye niliyemwambukiza. Siku moja ukateleza ukasema "kile". Sikukasirika. Wazee wetu waliwapa kiziwi, kipofu na kiwete kiambishi kimoja na kiti na kikombe, ila hicho hicho wakampa na kiongozi.

Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa na kutoitwa kwa namna ya kumdunisha. Nakutajia tu, kwa kuwa kanuni za mbwa na za kuanika nguo kwenye roshani umezihifadhi zote.

Unakumbuka mkutano wa Desemba? Alikuwa ameketi kando yako. Ukainama, ukampita, ukaniuliza mimi: "Huyu anakunywa soda?" Akakujibu mwenyewe: "Stoney. Baridi." Ukaendelea kunitazama mimi, ukingoja nithibitishe. Mtu huyu alipanga foleni Agosti 2022 akapiga kura yake, wala karani hakuniuliza mimi anamtaka nani.

Getini hafuati makubwa, Mheshimiwa. Kileleshwa ya zamani ilikuwa na nyumba za chini, bustani na michongoma. Mtu alikuwa na ua wa kuota jua. Sasa tumepandiana ghorofa kwa ghorofa, na baraza pekee iliyobaki ni benchi la soja. Hapo ndipo anapojulikana. Anajua gari la kila nyumba, na maji ya bauza yameingia saa ngapi.

Kwa hiyo Jumamosi atakuwepo, na shati nimeshampigia pasi. Atawaamkua wanunuzi, kisha atawaeleza kwamba lifti imekufa tangu Mei. Nimesoma tangazo lako la mauzo mara mbili, hilo sikuliona.

Wako mtiifu,
Dada yake, ghorofa ya saba (kwa ngazi)