Macho Hayana Pazia: Mwongozo kwa Aliyealikwa Kutazama Magitaa

Mwaliko huja kwa upole. Rafiki yako anakwambia, "Kaka, pita nyumbani Jumamosi, kuna kitu nataka ukione." Hakusema ukisikie, amesema ukione. Mtu makini angeuliza maswali mawili matatu hapohapo, lakini wewe unadhani ni mtoto mchanga au televisheni mpya. Unafika, shemeji anakukaribisha chai huku akikutazama kwa huruma ambayo huielewi, kisha unaingizwa chumba cha nyuma. Makasha marefu meusi yamelala sakafuni. Mwenyeji anapiga magoti kufungua la kwanza, na kabla ya kufungua ametoka kunawa mikono. Ukiona hivyo, ujue jioni imekwisha.

Mwongozo huu haufundishi kupiga gitaa. Unafundisha jinsi ya kukaa saa tatu mbele ya magitaa ya umeme ambayo hayataunganishwa na umeme, ukatoka na urafiki wako, na ikiwezekana na pochi yako.

La kwanza kujua ni kwamba hayatazamwi kwa kusimama sehemu moja. Mbao itakayosifiwa zaidi ni mepo, mti wa nchi za baridi ambao jani lake limo kwenye bendera ya Kanada. Mepo ya kawaida ni nyeupe, ngumu, na haina la kusimulia. Lakini iko miti michache ambayo nyuzinyuzi zake hazikupanda wima, zilikwenda kwa mawimbi. Ukiupasua mti huo na kuupiga msasa vizuri, kila wimbi linarudisha mwanga kwa pembe yake, na juu ya ubao uliosawazishwa kabisa jicho linaona mikunjo. Ukisogea kushoto, mikunjo nayo inasogea. Palipokuwa na giza panang'aa, palipong'aa panaingia giza. Ndiyo sababu mwenyeji analigeuzageuza gitaa chini ya taa na kukuuliza, "Umeona? Umeona hapo?" Inamisha kichwa upande mmoja, halafu upande wa pili. Kichwa kisichoinama huchukuliwa kuwa dharau.

Kisha utaonyeshwa mstari mwembamba unaopita katikati ya kifua cha gitaa. Hapa usiseme, "Aa, limeunganishwa," kwa sauti ya mtu aliyegundua kasoro. Fundi amechukua ubao mmoja, akaupasua kwa unene wake, akaviweka vipande viwili ubavu kwa ubavu, nyuso zilizopitiwa na msumeno zikiwa juu, hivi kwamba kila doa la kulia lina pacha wake kushoto. Na kwa kuwa nyuzinyuzi za vipande hivyo sasa zimelala kwa mielekeo inayopishana, nusu moja huwa na kiza wakati nyingine inawaka, na ukiligeuza gitaa zinabadilishana. Kusema kweli, hili linapendeza hata kwa mtu aliyekuja na nia ya kutopendezwa. Macho hayana pazia.

Maua ya mbao yana majina mengi: yapo ya miali, yapo ya mawingu, yapo ya jicho la ndege. Usijaribu kuyataja. Sema tu, "Hii ina maua, bwana," kama wasemavyo maseremala wetu mbele ya mninga mzuri, kisha unyamaze. Kwenye magitaa ya PRS, kampuni iliyoanzishwa na Paul Reed Smith huko Maryland mwaka 1985, mteja huweza kulipa zaidi apate ubao uliochaguliwa kwa uzuri wake, na nyuma ya kichwa cha gitaa huandikwa tarakimu 10. Ukioneshwa hiyo 10, usiulize ni kumi kati ya ngapi.

Usalama wako unategemea pia kuifahamu miaka ya 1958 hadi 1960. Kampuni ya Gibson, wakati huo ikiwa Kalamazoo, Michigan, ilitoa gitaa la Les Paul mwaka 1952 likiwa limepakwa rangi ya dhahabu iliyofunika mepo yote. Mauzo yaliposhuka, mwaka 1958 waliiondoa dhahabu, wakapuliza rangi inayopitisha mwanga, nyekundu pembezoni na njano katikati. Mepo ikaonekana, nayo ilikuwa ile iliyokuwepo kiwandani: nyingine ina miali ya kutosha, nyingine haina kitu. Wateja hawakuja. Mwaka 1960 uzalishaji ulisimama, na magitaa ya miaka hiyo mitatu hayakufika 2,000. Jipya liliuzwa kwa chini ya dola 300. Kisha vijana wa Uingereza kama Eric Clapton wakayaokota, dunia ikageuka, na leo moja zuri huuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola.

Kinachochekesha ni ile nyekundu. Ilikuwa dhaifu mbele ya jua, hivyo gitaa lililotundikwa dirishani mwa duka lilipauka likabaki njano au kahawia. Katika biashara nyingine yoyote mteja angedai arudishiwe pesa zake. Hapa kila hatua ya kupauka ilipewa jina na bei: lipo la ndimu, lipo la asali, lipo la chai ya baridi. Gibson waliirekebisha kasoro hiyo mwaka 1960 kwa kutumia nyekundu isiyopauka, na shukrani waliyopata ni kwamba wakusanyaji huiita rangi hiyo supu ya nyanya. Usichanganye chai na supu mbele ya mwenyeji.

Baada ya kasha la tatu au la nne unafika wakati wa hatari. Mwenyeji atapiga kifua cha gitaa kwa kidole, atasikiliza, kisha atasema mbao hii inaimba. Usijibu. Unajua, au sasa utajua, kwamba pikapu ya gitaa la umeme ni sumaku iliyozungushiwa waya, na inachokisikia ni uzi wa chuma unaotikisika juu yake. Mchango wa mbao katika sauti hiyo umebishaniwa kwa miaka mingi na watu wenye masikio mazuri na wasio nayo. Jim Lill, mpiga gitaa wa Nashville, aliwahi kutandaza nyuzi hewani bila kiwiliwili chochote cha gitaa, akaweka pikapu, na akatoa sauti ambayo wengi walishindwa kuitofautisha na ya gitaa kamili. Nami nimesikiliza nyimbo za Mbaraka Mwinshehe tangu utotoni, na hakuna solo hata moja iliyowahi kunidokeza gitaa lake lilikuwa la mti gani.

Aliyelijua hili mapema ni Les Paul mwenyewe, yule ambaye jina lake limeandikwa kwenye gitaa la bei ya nyumba. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 alichukua gogo la msonobari la nne kwa nne, ubao wa kujengea, akalifunga shingo, nyuzi na pikapu. Kwa simulizi yake, alipolipiga mbele ya watu hawakulijali. Akabandika ubavuni vipande viwili vya gitaa la kawaida, ili gogo lifanane na gitaa, akarudi kulipiga, wakashangilia. Vipande vile havikuwekwa kwa ajili ya sauti, viliwekwa kwa ajili ya macho. Kila ubao wa mepo uliopo ndani ya chumba hicho unafanya kazi ileile, na unaifanya vizuri sana. Tatizo ni kwamba mnunuzi haoni haya kusema alisikiliza, ila huona haya kusema alitazama.

Baada ya hapo utaona mambo ambayo seremala wa Keko asingeyaamini. Upo ubao wenye michirizi myeusi inayojipinda ovyo, umewekwa mbele kabisa ya gitaa na kupakwa vanishi ya kung'aa. Michirizi hiyo ni kazi ya kuvu: mti ulianza kuoza, ukawahiwa. Mbao ya namna hiyo huwa laini kiasi kwamba mara nyingi hunyweshwa gundi kwanza ndipo ifae. Mteja analipia kuoza, gundi na ujira wa fundi. Lipo gitaa jingine lililochubuka hadi kwenye ubao mtupu. Ukifikiri ni la zamani, utaulizwa kwa tabasamu ukisie mwaka, nawe utakosea, kwa sababu lilitoka kiwandani mwaka jana. Fender walianza kuuza magitaa mapya yaliyozeeshwa kwa makusudi mwaka 1995. Gibson nao wana karakana yenye jina la fundi Tom Murphy, ambapo uharibifu una madaraja kuanzia mdogo kabisa hadi mkubwa kabisa, na kadiri gitaa linavyoharibiwa ndivyo bei inavyopanda. Fender Stratocaster ya mwaka 1961 ya Rory Gallagher wa Ireland ilivuliwa rangi na jasho lake mwenyewe katika miaka mingi ya jukwaani. Nakala zake zimetengenezwa kiwandani zikiwa na michubuko palepale, bila jasho.

Kuhusu vanishi yenyewe: magitaa ya zamani yalipuliziwa laka ya nitroselulosi, ileile ya magari ya enzi hizo. Fender waliagiza hadi rangi za magari. Nyekundu yao maarufu ilikuwa ya Ford Thunderbird. Laka hiyo ni nyembamba, hupasuka vijistari gitaa likitolewa ghafla kwenye baridi, na huliwa na mpira. Ndiyo, mpira: ukiliegemeza kwenye stendi isiyofaa, asubuhi utakuta limeungua alama. Kwa hiyo vua mkanda wenye bizimu la chuma, usilibebe bila ruhusa, na ukiombwa ulishike, kaa chini kwanza.

Usitumie ujuzi wako mpya kumdhalilisha mtu. Gitaa la bei nafuu lenye miali mizuri mara nyingi limebandikwa veniya nyembamba kuliko kadi ya benki, na miaka ya 1990 Fender ya Japani iliuza magitaa ambayo maua yake yalikuwa picha tu iliyofunikwa na vanishi. Utaitambua kwa sababu ukiinamisha kichwa haibadiliki. Inamisha hivyohivyo na usifu. Mwaka 1968 Fender hao hao walibandika karatasi ya ukutani yenye michoro ya rangi ya waridi kwenye Telecaster, wakaipaka vanishi juu, na James Burton akaipigia nyuma ya Elvis Presley. Sijasikia mtu akilalamika kwamba haikuwa mbao.

Wapenzi wa besi ni hatari kwa namna nyingine, kwa kuwa wana sura za upole. Kwao mbao moja haitoshi: shingo hugandishwa kwa vipande virefu vya miti mitatu au mitano, ya giza na ya mwanga, mistari ikipita mwili mzima kama kikoi. Alembic wa California walianza mtindo huo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Warwick wa Ujerumani wanapenda wenge, mti mzito wa kahawia iliyokolea unaotoka Kongo na jirani zake, na badala ya vanishi huupaka mafuta na nta. Utapewa kitambaa. Ukishakipokea, utasugua.

Hapo kwenye Kongo ndipo mzaha wangu unapopungua. Uzuri huu una msitu nyuma yake. Kampuni ya Taylor ya Marekani ilipoingia ubia kwenye kiwanda cha eboni mjini Yaoundé, Kameruni, mwaka 2011, ilikuta wakataji wanaangusha miti na kuiacha porini pale ubao unapotoka na mistari ya kahawia, kwa sababu wanunuzi walitaka weusi mtupu. Taylor wakaanza kuitumia hiyo yenye mistari na kuwaambia wateja kwamba ni mizuri, na ikawa mizuri. Gibson, kwa upande wao, walivamiwa na maofisa wa serikali ya Marekani mwaka 2009 na 2011 kuhusu mbao za Madagaska na India, na mwaka 2012 wakakubali kulipa dola 300,000. Rozwudi ya Brazili, ambayo ni ndugu wa mpingo wetu, imezuiwa katika biashara ya kimataifa tangu 1992. Gitaa la zamani lenye ubao huo huwezi kuvuka nalo mpaka kwa kujiamini tu, linataka kibali. Mwenyeji akikwambia anakuuzia rahisi kwa sababu wewe ni mtu wake, uliza kwanza ubao wa vidole ni wa mti gani, halafu uliza karatasi ziko wapi.

Yakimalizika makasha, utaulizwa lipi limekupendeza. Taja lile alilolishika kwa muda mrefu kuliko yote. Na kama wewe mwenyewe umepatwa, maana wengi hupatwa, nunua lenye maua ukiwa umekiri kwamba unanunua la kutazama. La kupigia, tafuta lililopakwa rangi moja tupu. Utabakiwa na pesa za amplifaya, na amplifaya husikika.