Watano wa Uvira Mbele ya Jua

Jua letu huchomoza ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, upande wa Burundi, na jioni hujificha mapema nyuma ya milima ya Mitumba. Kabla halijatutoroka, tuwapange watano wetu: nani anapitisha mwanga vizuri kuliko wenzake? Tunahesabu kwa kushuka.

5. Bati. Halipitishi kitu. Elektroni zake ziko huru, na mwanga ukigonga zinaurudisha ulikotoka. Toboa tundu la msumari upate mwanga, sawa, lakini mvua nayo itaingia bila hodi.

4. Turubai. Mwanga unapita, ila unatawanywa kila upande. Ukiwa ndani utajua kumekucha. Nani anapita nje na nani, hutajua. Wambea, poleni.

3. Kioo cha dirisha. Mwendo wa mwanga hushuka humo kutoka kilometa 300,000 kwa sekunde hadi 200,000 hivi, na bado hakuna pikipiki ya Kavimvira itakayoufikia.

2. Maji ya Tanganyika. Wekundu humezwa kwanza. Bluu ndiyo huzama mbali. Usiku wavuvi wa Kalundu wanawasha taa: vijidudu vinafuata mwanga, ndagala wanafuata vijidudu, wavu unawafuata wote. Mbalamwezi ikijaa, taa hazivuti tena. Ndagala hupumzika; bei haipumziki! Karibu na mdomo wa mto Ruzizi tope huukata mwanga njiani, na ziwa linapoteza pointi.

1. Chupa ya plastiki isiyo na rangi. Ndiyo bingwa, wala sitanii, maana mji huu unaijua kolera mno. Plastiki hiyo hupitisha miale ya urujuanimno aina ya A, ambayo pamoja na joto huua vijidudu vya magonjwa majini. Mtafiti Aftim Acra alilionyesha hilo Beirut mwaka 1980. Huko Kajiado, Kenya, kolera ilipozuka, watoto Wamasai wa chini ya miaka 6 waliokunywa maji ya chupa zilizoanikwa waliugua kidogo kuliko wenzao. Maji ya tope hayafai: simamisha chupa juu ya gazeti, utazame kutoka mdomoni, usiposoma vichwa vya habari, chuja kwanza.

Basi ndugu, bomba likikauka na makaa yakiwa ghali, jaza chupa safi ya lita 2 au pungufu, ifunge, uilaze juani kwa muda wa saa 6. Mawingu yakitanda, iache siku 2 nzima kabla hujawapa watoto.